Beringi za Pikapu ya Mama Kioko

Ninyi mnaoshika spana leo mnauziwa spea ndani ya maboksi yenye picha. Sisi tulizitafuta kwa kuuliza, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea: unapita boma hadi boma ukieleza rangi na pembe, na kila mtu anakuambia alimwona jana akielekea upande mwingine. Nimefanya umekanika hapa Ikutha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zilipoamua kuondoka kabisa. Nikiulizwa ni gari gani ilinitoa jasho kuliko zote, watu hungoja nitaje lori fulani bovu la zamani. Wanakosea. Gari ya zamani ni kama mzee wa kijiji, ina jamaa kila mahali. Ukikosa spea yake Kitui utaipata Machakos, na ukiikosa huko kuna ndugu yake ameoza nyuma ya nyumba ya mtu. Gari mpya ndiyo shida. Gari mpya ni mgeni, na hakuna anayejua ukoo wake.

Kabla sijafika kwa Mama Kioko, ngoja niwaeleze sauti, maana kijana asiyejua sauti atafungua injini nzima akitafuta ugonjwa ambao ungemwambia jina lake mwenyewe.

Ndani ya injini kuna chuma kizito kinachozunguka, kinaitwa kranki. Pistoni zikishuka zinakisukuma. Kati ya kranki na vyuma vinavyoishika kuna vipande vyembamba vilivyopindwa kama nusu ya bangili. Hizo ndizo beringi. Kazi yake ni kukubali kuumia ili kranki isiumie, na rafiki yake mmoja tu duniani ni oili. Oili ikikosa kufika, beringi haingoji hata umalize kusalimia mtu njiani. Sasa sikiliza. Juu ya injini ukisikia tik-tik kama mama anayechambua mawe kwenye maharagwe, hizo ni valvu, kunywa chai kwanza. Ukisikia ko-ko-ko kama mtu anayebisha mlango akijua uko ndani, hiyo ni beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Zima injini. Usiseme nitafika tu pale dukani.

Aliyenifundisha hayo ni Fundi Mwangangi wa Kitui mjini, miaka ya sitini. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini kwenye sikio, kisha anafumba macho kama mtu aliye kwenye maombi. Wateja walishusha sauti. Mmoja alivua kofia.

Mwangangi huyo aliwahi kupatwa na beringi mbovu akiwa na lori porini, mbali na kila kitu. Akakata kipande cha mshipi wake wa ngozi ya ng'ombe, akakiloweka kwenye oili, akakiweka mahali pa beringi, akafunga, akaja nalo polepole mpaka Kitui akishikilia suruali kwa mkono mmoja. Walioliona lori likiingia walisema lilikuwa linanukia nyama choma, na mbwa wa mji mzima walikuwa nyuma yake. Tulipomsifu alikasirika. "Ngozi ilinifikisha Kitui," alisema. "Haikunirudisha. Mtu akisema ametengeneza, muulize kama gari itarudi."

Haya, Mama Kioko.

Jina lake ni Syombua, lakini hapa sokoni alikuwa Mama Kioko kwa kila mtu. Mume wake Musyoka alikufa akamwachia watoto na kundi kubwa la mbuzi. Kiangazi kilipoanza kuwamaliza mbuzi, mama huyo alifanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa Ikutha alikuwa amefanya. Aliuza sehemu kubwa ya kundi wakati bado wana nyama, akanunua pikapu mpya ya dizeli, ya buluu, ya aina ambayo ndiyo ilikuwa imeanza tu kuonekana barabarani. Ilikuwa miaka ya themanini. Alipeleka mbuzi wa watu Kibwezi na Makindu, akarudi na unga, saruji, na akina mama waliotoka hospitali na watoto wachanga. Aliendesha akiwa ameketi wima kabisa, leso kichwani. Ng'ombe walijifunza kumpisha kabla watu hawajajifunza.

Upande wa mume haukufurahi. Walisema mbuzi wa Musyoka walikuwa wa ukoo, na ukoo hauwezi kugeuzwa kuwa chuma bila kuulizwa. Msemaji wao alikuwa Mulwa, mdogo wake Musyoka, mtu mcheshi, mzuri wa sura, ambaye angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe. Wakaitisha kikao siku ya Jumamosi, nyumbani kwa mkubwa wa ukoo, Mzee Ndolo, huko Kathonzweni. Wazo la Mulwa lilijulikana kwa kila mtu: gari iuzwe, mbuzi waliobaki wawe chini yake, na mjane apumzike.

Wiki hiyo hiyo ya kikao, Mulwa huyo huyo akaenda kwa shemeji yake kuazima gari, akabebe miti ya kujengea.

Baadaye nilimuuliza Mama Kioko kwa nini alimpa. Akaniangalia kama mtoto. "Nikimnyima shemeji gari wiki ya kikao," akasema, "si nimejishtaki mwenyewe?"

Basi nilikuwa gerejini Jumatatu nikila muthokoi nilipoona kitu ambacho sijaona tena. Pikapu mpya, rangi inang'aa, ikivutwa na ng'ombe wanne wa plau. Mwenye ng'ombe alikuwa mbele na fimbo. Mulwa alikuwa ndani, ameshika usukani, ametoa mkono dirishani akisalimia watu kama diwani.

"Fundi," akasema akishuka, "hii gari imekataa tu."

"Imekataa kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kabla ya kukataa, ilikuambia nini?"

Akafikiri. "Iliwasha taa. Nyekundu, hapo mbele yangu. Ilikuwa inanisumbua macho, nikaiwekea kofia."

"Ukaendelea kuendesha?"

"Sasa ningejuaje iko na shida, na siioni tena?"

Nililala chini ya gari. Sampu, ile karai ya oili iliyo chini ya injini, ilikuwa imebonyea kama sufuria iliyokaliwa na mtu mzito. Mulwa alikuwa amepita kwenye mto mkavu mahali ambapo hata punda huchagua njia, na jiwe likamgonga tumboni. Oili haikumwagika hata tone, na hapo ndipo hatari ilipo, vijana, kwa sababu anayeangalia chini haoni kitu. Lakini bati lilikuwa limepanda juu likaziba ule mdomo unaonyonya oili. Injini ilikuwa na oili tele ndani yake na inakufa kwa kiu.

Niliifungua huku nikijua nitakachokuta. Uso wa kijivu wa beringi ulikuwa umekwisha, shaba imetokea, na oili iliyokuwa chini ilimetameta kama mafuta ya bibi arusi. Nikapitisha ukucha kwenye kranki, nikashusha pumzi. Ilikuwa na mikwaruzo midogo tu, ya kupiga msasa laini. Hapo niwaeleze: kranki ikiumia sana inapelekwa Nairobi kusagwa, inakuwa nyembamba, na unatafuta beringi nene zaidi. Hii haikuhitaji kusagwa. Ilihitaji beringi za ukubwa ule ule iliyozaliwa nazo, si unywele zaidi, si unywele pungufu.

Sampu nilimpa Mulwa, na nyundo ya mbao. "Nyoosha ulichokunja," nikamwambia. Alicheka kwanza, akafikiri ni utani. Halafu akaketi kivulini akaanza kugonga, na nikaona kadiri anavyogonga maneno yanampungua. Bati la sampu ni gumu. Ukiligonga wewe mwenyewe kwa mkono kutwa nzima, unapata muda wa kujua jiwe lilikuwa kubwa kiasi gani.

Mama Kioko alifika jioni kwa miguu. Akaketi juu ya tairi.

"Inapona?" akaniuliza.

"Inapona, tukipata beringi."

"Ziko wapi?"

"Hapo ndipo sijui, mwaitu." Nilimwita mama yangu, ingawa tulikuwa rika moja. Kuna siku heshima inakutoka bila kuitwa.

Alikuwa na ufunguo wa gari mkononi, anauzungusha polepole. "Jumamosi nikifika Kathonzweni kwa miguu," akasema, "Mulwa hatahitaji hata kuongea. Watanitazama viatu tu."

Mulwa alikuwa hapo na nyundo yake, anasikia kila neno. Akakohoa. "Fundi, si uweke ngozi? Nasikia kuna mtu wa Kitui aliweka ngozi."

"Alikuwa mwalimu wangu," nikamwambia, "na mbwa walimfukuza."

Kesho yake nilienda posta nikapiga simu Nairobi, kwenye duka moja kubwa la spea. Nikamtajia kijana wa huko aina ya gari. Nilimsikia akifungua makaratasi.

"Hiyo ni modeli mpya, mzee," akasema. "Beringi zake haziharibiki bado."

"Hii imeharibika."

"Haiwezi."

"Nimeishika mkononi."

Akalainisha sauti, kama mtu anayejaribu kunionea huruma. "Basi ngoja meli."

"Inakuja lini?"

"Ikija tutajua."

Nikapanda gari kwenda Kitui mjini. Huko nilipata muuzaji mchangamfu sana, ambaye alitazama beringi yangu, akaingia ndani, akatoka na nyingine akiipuliza vumbi. "Hizi zinakaribia," akasema. Zilikuwa pana kuliko zangu kwa unene wa ukucha. Akanishauri nizipige tupa kidogo pembeni. Vijana, mtu akikuambia upige beringi tupa, mshukuru, mwulize habari za watoto, kisha uondoke. Vidole vyako vitadhani vimenyoosha, lakini injini itajua kwamba havikunyoosha, na itakuambia ukiwa mlimani. Kwenye beringi hakuna kukaribia. Mbuzi wa jirani anakaribia kuwa wako, lakini jaribu kumchinja.

Nilirudi mikono mitupu. Mama Kioko alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kesho tunaenda Makindu pamoja. Na tunaenda na mbuzi."

"Mbuzi wa nini?"

"Sijui bado. Lakini mimi siendi kuomba kitu nikiwa sina kitu. Mbuzi haikataliwi mahali popote."

Akachagua jike mweupe mwenye mimba, mnene, mpole. Tukapata lori la mkaa lililokuwa linateremkia Kibwezi kisha Makindu, sisi tukiwa juu ya magunia. Tulipofika Makindu nilikuwa mweusi kiasi kwamba mtu niliyesoma naye alinipita. Mbuzi pia hakuwa mweupe tena. Tuliosha nyuso tukala kwenye hekalu la Singasinga, ambapo msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa dini yake. Mbuzi tulimfunga nje. Mzee mmoja mwenye kilemba alimletea maji kabla hajatuletea sisi.

Kisha tukaenda kwa Biji.

Watu wa Makindu walimwita Biji, mama, naye hakujibu jina lingine. Baba yake alikuja na kazi za reli, yeye akazaliwa hapo hapo, akaolewa na mwenye duka la spea, na mume alipofariki wakwe walingoja afunge duka. Hakufunga. Kikamba alikisema vizuri kuliko baadhi yetu, na alipenda kutusahihisha. Nilipomsalimia alinikatiza. "Wewe ni wa Kitui," akasema. "Nyinyi wa Kitui mnasalimia kama mnaamsha mtu."

Nilimpa beringi mbovu. Hakuishika hapo hapo. Alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, kisha akaichukua kwa vidole viwili, akaigeuza, akapitisha kidole gumba mgongoni ambapo kuna herufi na namba ndogo zilizochongwa. Akaipima unene kwa maikromita iliyolala ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha samawati. Halafu akainua uso kuelekea dari, akafumba macho.

"Huyu mtoto nimemwona," akasema. "Lakini hakuwa kwenye gari."

Mimi na Mama Kioko tukasogea karibu.

"Kulikuwa na maji," Biji akaendelea. "Maji mengi. Na mtu aliyenuka kitunguu."

Akafumbua macho. Alikuwa amemkumbuka. Karibu na chemchemi za Kibwezi palikuwa na mkulima aliyehamia kutoka Murang'a, Baba Wanjiru, aliyelima vitunguu kwa pampu ya dizeli. Miaka fulani nyuma alitaka kuitengeneza injini ya pampu hiyo, akaagiza beringi kwa Biji.

"Biji, ile ni pampu," nikasema. "Hii ni pikapu, mpya kabisa."

"Mwili ni mpya," akanijibu. "Hawa watu wa viwanda wakipata injini nzuri hawaiachi. Wanaifunga kwenye pampu, wanaifunga kwenye jenereta, halafu siku moja wanaivalisha nguo za pikapu wanasema ni msichana. Lakini nenda ukapime. Mimi nauza spea, siuzi kumbukumbu." Akanisukumia kile kisanduku cha maikromita. "Hii nakuazima. Ukiipoteza, usipite Makindu tena, hata ndani ya basi."

Hilo ndilo somo ninalotaka mlishike kuliko yote leo. Usitafute spea kwa jina la gari. Jina ni la wauzaji. Tafuta kwa umbo: upana, unene, tundu la oili liko wapi, kile kiulimi kidogo cha kuishikilia kiko upande gani. Chuma hakijui kimefungwa kwenye nini.

Tulimkuta Baba Wanjiru shambani, mtu mrefu mwenye buti za mpira. Nilipomweleza tunataka kuona injini ya pampu yake ya zamani, akatikisa kichwa. "Hiyo ilipasuka bloki ilipochemka. Iko pale kwa kibanda, lakini hamuwezi kuiona."

"Kwa nini?"

"Iko na mtu."

Tukaenda kuangalia. Juu ya injini palikuwa na katoni, na ndani ya katoni kuku mwekundu amelalia mayai. Kibati cha namba za injini kilikuwa chini yake kabisa.

"Si tumsogeze kidogo tu," nikasema.

"Huyo ni kuku wa bibi yangu," Baba Wanjiru akasema. "Mimi na wewe hatuna ruhusa."

Akaitwa Mama Wanjiru. Akaja anajipangusa mikono, akatutazama, akamtazama mbuzi, na nikaona macho yake yamebaki kwa mbuzi. Hapo mimi na Baba Wanjiru tuliacha kuwa watu wa maana. Wale wanawake wawili walisalimiana, wakaulizana watoto, wakaongea habari za kiangazi, za vifaranga na mwewe, na Mama Kioko hakutaja beringi hata mara moja. Baadaye akasema, kama jambo dogo tu, kwamba mbuzi huyo ana mimba, na mama yake alikuwa akizaa mapacha, na angependa akae mahali penye majani.

"Na kuku je?" Mama Wanjiru akauliza.

"Kuku ni mama kama sisi. Tutambeba na nyumba yake."

Wakaibeba katoni kwa pamoja, taratibu, kama wanaobeba mgonjwa, wakaiweka kivulini. Kuku hakutoka. Alinikazia jicho moja muda wote, mimi peke yangu, kana kwamba wazo lilikuwa langu.

Nilisugua kibati kwa kitambaa na mafuta ya taa mpaka herufi zikatokea. Zilikuwa zile zile za injini ya pikapu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa ya mwisho kabisa. Nikapiga magoti nikianza kufikiri jinsi ya kuitoa kranki ya pampu nipate beringi kuukuu zilizomo, na kama zitakuwa na uhai wowote.

"Unatafuta nini huko ndani?" Baba Wanjiru akauliza.

"Beringi."

"Zile za Biji? Si ungesema. Zile sikuwahi kuzifunga, bloki ilipasuka kabla. Ziko chini ya kitanda."

Akaleta mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani, zimefungwa kwenye karatasi yenye oili, zilikuwamo beringi seti nzima, mpya, hazijaguswa na mkono wa mtu tangu kiwandani. Niliipima ya kwanza. Upana sawa. Unene sawa na ule uliochongwa mgongoni mwa ile mbovu. Kiulimi upande ule ule, tundu mahali pale pale. Nikaipima tena, si kwa kuwa sikuamini, ilikuwa raha tu. Mama Kioko alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipogeuka kumwonyesha, alikuwa amefunika uso kwa leso na mabega yanatikisika, na sijui mpaka leo kama alikuwa analia au anacheka. Mbuzi alikuwa tayari anakula majani ya vitunguu.

Ijumaa niliifunga injini. Kwanza niliipiga kranki msasa laini uliolowa oili, kwa ukanda wa kitambaa, nikivuta huku na huku kama mtu anayekausha mgongo. Nikasafisha kila kitu mpaka ningeweza kulia ugali humo. Beringi hazishikwi uso kwa vidole vyenye mchanga. Chembe moja ya mchanga wa Ikutha inatosha kukurudisha Makindu. Zikapakwa oili. Kila kifuniko nikakifunga, nikaizungusha kranki kwa mkono, nikahakikisha haikatai, ndipo nikaendelea na kingine. Ukifunga vyote halafu ikatae, utamjuaje mwenye makosa? Sampu ya Mulwa niliikuta ukutani, imenyooka vizuri kuliko nilivyotarajia. Yeye mwenyewe alikuwa ameshatangulia Kathonzweni, na alipoondoka sisi hatukuwa na beringi hata moja.

Nilifunga dizeli kwanza, nikamwambia Mama Kioko apige stata injini izunguke bila kuwaka mpaka oili ipande. Ile taa nyekundu ikafikiri, ikafikiri, ikazima. Nikafungua dizeli. Ikawaka. Nikaweka bisibisi sikioni, nikafumba macho. Hakukuwa na mtu mlangoni.

"Sasa usikimbize," nikamwambia. "Beringi mpya na kranki bado hawajazoeana. Mwendo wa harusi mpaka nikuambie."

Na kwa mwendo huo wa harusi tulichelewa kikao. Yaliyotangulia nilisimuliwa na waliokuwapo. Mzee Ndolo alikuwa mzito wa masikio, kwa hiyo Mulwa alisema kwa sauti ya juu kwamba kwa masikitiko makubwa anauarifu ukoo kwamba imekufa.

"Nani amekufa?" Mzee Ndolo akauliza.

"Gari, mzee."

"Gari ya nani?"

"Ya mjane wa Musyoka."

Mzee akavua kofia. "Maskini. Anazikwa lini?"

Walikuwa bado wanamweleza wakati pikapu ya buluu ilipoingia uani na kusimama. Mama Kioko akashuka, akasalimia wakubwa mmoja mmoja kwa utaratibu, akaketi upande wa wanawake. Aliacha injini ikinguruma. Mzee Ndolo hakuisikia. Akainuka kwa fimbo yake, akaenda akaweka kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo.

"Huyu anatetemeka kama paka aliyeshiba," akasema. "Mulwa, huyu ndiye aliyekufa?"

"Alikuwa amekufa, mzee. Naona amepona."

"Aliumizwa na nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba nzima, yenye mto, jiwe, sampu, na hasa ile kofia. Nikafungua mdomo. Mama Kioko akaniangalia, nikaufunga.

"Ilipigwa na jiwe, baba," akasema. "Jiwe haina jina."

Ndugu za Musyoka walimtazama Mulwa, kwa sababu Kathonzweni na Ikutha si mbali kiasi cha habari kupotea njiani, hasa habari ya ng'ombe wanne. Alikuwa na njia ya kutoka, tena amefunguliwa mlango na mwanamke ambaye yeye Mulwa alitaka kumnyang'anya mbuzi. Mulwa akajikuna shingo, akatazama mikono yake iliyokuwa bado na malengelenge ya nyundo.

"Jiwe haina jina," akasema, "lakini dereva iko nalo. Ni mimi. Na taa ilinionya nikaifunika." Kisha akamgeukia shemeji yake. "Mimi singeipata hiyo spea, Mama Kioko. Ningesema imekufa, tuuze chuma."

Mzee Ndolo aliomba arudiwe sikioni. Aliporudiwa alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, akapigwa mgongo, akapewa maji. Kisha akaamua, na hakuna aliyebisha. Mbuzi na gari vibaki kwa aliyejua kuvitunza. Mulwa akae kwa fundi mpaka ajue maana ya kila taa. Na kwa kuwa kikao kimekwisha mapema, yeye Mzee Ndolo hajawahi kupanda gari ya jamaa yake mwenyewe, na anataka kwenda sokoni sasa hivi, aonekane.

Ukoo wote ukapanda nyuma. Mzee akaketi mbele, kofia kichwani. Mimi na Mulwa tulikuwa nyuma kabisa, tumeshika bomba. Mama Kioko aliondoka kwa ule mwendo niliomwagiza, wala hakuongeza hata watu walipoanza kuimba. Kabla hatujafika sokoni, mtu wa baiskeli aliyebeba gunia la pojo alitufikia kwa nyuma. Akatupita polepole, akiona aibu, akisalimia wakubwa mmoja mmoja.

"Pita tu, ndugu," Mulwa akamwambia, amelaza sikio juu ya bodi. "Sisi tunasikiliza injini."